Mji wa Almasi Uliomezwa na Mchanga

   Soma polepole. Kama mmekaa katika kikundi, mmoja wenu asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha mtakuta mwishoni maswali ya kuzungumzia.

Katika darasa moja la jioni mzee mmoja aliniuliza hivi: "Mwalimu, mgodi ukiisha, mji wake huenda wapi?" Wenzake walicheka, lakini mzee hakuwa akifanya mzaha. Kijiji chake ki karibu na machimbo, na wanawe wawili wanafanya kazi huko. Nilimjibu kwa maneno machache, nami sikuridhika na jibu langu. Leo nataka kumjibu vizuri zaidi, kwa kueleza habari za mji mmoja ulioanza kwa jiwe moja dogo, ukatajirika upesi, ukafa, kisha ukapata maisha ya namna nyingine kabisa. Mji huo huitwa Kolmanskop. Uko Namibia, nchi iliyo kusini-magharibi ya Afrika, kando ya bahari ya Atlantiki.

MAHALI PENYEWE

Chukua ramani ya Afrika. Weka kidole chako juu ya Dar es Salaam, uvuke bara lote mpaka upande wa pili, kisha ushuke kusini. Utaona pwani ndefu isiyo na miji mingi. Hilo ni jangwa la Namib. Usidhani ni pwani kama ya Tanga au Mombasa, penye minazi na maji ya vuguvugu. Bahari ya huko ni baridi kwa sababu ya mkondo wa maji baridi utokao kusini. Mvua ni haba mno. Ukungu huingia asubuhi, na upepo mkali wa kusini huvuma karibu kila siku, ukibeba mchanga.

Katika pwani hiyo iko bandari ndogo iitwayo Lüderitz. Ukitoka bandarini ukaenda bara kiasi cha kilometa 10 hivi, utafika Kolmanskop. Maana ya jina hilo ni kilele cha Coleman. Husimuliwa kwamba mchukuzi mmoja, jina lake Coleman, alishikwa na dhoruba ya mchanga hapo, akaliacha gari lake la ng'ombe juu ya kilima kidogo ili aokoe maisha yake. Basi hapo zamani mahali hapo palikuwa kilima kisicho na mji wala shamba, na mtu alipita njiani tu.

ARDHI ILIVYOCHUKULIWA

Lakini jangwa lisilo na mashamba si jangwa lisilo na wenyewe. Nchi ile ilikuwa ya watu wa kabila la Nama, na chifu wao wa upande huo, Josef Fredericks, alikaa Bethanie. Mwaka 1883 mfanyabiashara Mjerumani, Adolf Lüderitz wa mji wa Bremen, alimtuma mtu wake kwenda kununua ardhi. Mwezi wa Agosti mwaka ule chifu alitia sahihi mkataba wa kuuza ukanda wa pwani wenye upana wa maili 20, kwa pauni 500 na bunduki 60.

Sasa sikiliza vizuri. Chifu alijua maili moja tu, maili ya Kiingereza, ambayo ni kama kilometa 1.6. Kwa hesabu hiyo aliuza upana wa kilometa 32. Lakini karatasi iliandikwa maili ya Kijerumani, ambayo ni zaidi ya kilometa 7. Kwa hesabu hiyo ya pili upana ukawa karibu kilometa 150, na sehemu kubwa ya nchi yake ikaondoka kwa neno moja lililoandikwa katika karatasi. Chifu alilalamika. Karatasi haikubadilishwa.

Ndugu zangu wa Tanzania, habari hii si ngeni masikioni mwenu. Mnamo mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara na nchi za jirani akikusanya sahihi za machifu, na kila mtoto aliyesoma shule amelisikia jina la Mangungo wa Msovero. Mwaka huo huo wa 1884 bendera ya Kijerumani ilipandishwa Lüderitz. Ni serikali moja, na njia waliyoitumia ni moja.

Hata vita vilifuatana. Mwaka 1904 Waherero walishika silaha, na Wanama wakafuata. Mwaka uliofuata, huku kwetu, vita vya Maji Maji vilianza. Katika Namibia serikali ya Kijerumani iliwaua Waherero na Wanama kwa maelfu mengi, na mateka wakafungiwa katika makambi. Kambi mojawapo iliyokuwa mbaya kupita zote ilikuwa katika Kisiwa cha Papa, pale pale Lüderitz, penye upepo na baridi. Watu zaidi ya elfu moja walikufa kisiwani humo. Miongoni mwao alikuwa Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama, aliyefariki mwezi wa Februari mwaka 1907.

Mateka wale ndio waliotumiwa kujenga reli ya kutoka Lüderitz kwenda bara. Wengi walikufa wakiitandika. Ikumbuke reli hiyo, ndugu msikilizaji, maana ndiyo iliyoleta almasi. Kama si reli, hakuna ambaye angekwenda kuchimba mchanga mahali pale.

JIWE LA ZACHARIAS LEWALA

Katika jangwa la Namib mchanga haukai mahali pamoja. Upepo huusukuma juu ya reli, na garimoshi haliwezi kupita. Kwa hiyo ilibidi vibarua wawepo kila siku kuukwangua mchanga kwa sepetu. Mmoja wao aliitwa Zacharias Lewala. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Kimberley, katika Afrika ya Kusini, kwenye machimbo makubwa ya almasi. Macho yake yalikuwa yamekwisha jifunza.

Mwezi wa Aprili mwaka 1908 Lewala aliona jiwe dogo linalometameta katika sepetu lake. Wengine wangelitupa. Yeye alilijua. Akalichukua, akampelekea msimamizi wake wa reli, Mjerumani aliyeitwa August Stauch.

Stauch alikuwa mgeni wa mwaka mmoja tu katika nchi ile. Alikuja kwa ajili ya ugonjwa wa pumu, akitumaini kwamba hewa kavu ya jangwani itamfaa. Yasemekana alilikwaruza jiwe lile juu ya kioo cha saa yake, na kioo kikachorwa. Mara alijua la kufanya. Hakupiga kelele. Alijipatia hati za kutafuta madini katika eneo lile, akaacha kazi ya reli, na baada ya muda mfupi akawa tajiri mwenye mamilioni.

Je, Lewala alipata nini? Hakupata kitu. Hakulipwa wala hakupewa zawadi. Tunajua jina lake, tunajua alichokiona, na baada ya hapo anatoweka katika habari za mji ule.

Naomba tusimame hapa kidogo. Tukiuliza nani aliyeivumbua almasi ya Namibia, tutajibuje? Aliyeliona jiwe, akalitambua kwa ujuzi wake mwenyewe, ni Lewala. Aliyekwenda ofisini na kuandikisha jina lake ni Stauch. Na katika sheria za siku zile, jiwe lilikuwa mali ya jina lililoandikwa. Mara ya kwanza chifu Josef Fredericks alishindwa kwa kipimo cha maili. Mara ya pili Lewala alishindwa kwa hati. Wote wawili hawakushindwa kwa ujinga wa mambo ya nchi; nchi waliijua vizuri kuliko wageni. Walishindwa katika karatasi.

MJI WA STAREHE KATIKATI YA JANGWA

Habari zilipoenea, watu walikimbilia Lüderitz kutoka kila upande. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule wa 1908 serikali ya Kijerumani ililifunga eneo zima la kusini, kuanzia karibu na Lüderitz mpaka Mto Orange, upana wa kilometa 100 toka baharini. Eneo hilo likaitwa Sperrgebiet, yaani Eneo Lililokatazwa. Mkuu wa mambo ya makoloni wakati huo alikuwa Bernhard Dernburg, yule yule aliyeizuru Afrika ya Mashariki mwaka 1907 baada ya Maji Maji. Tangu siku hiyo mwenyeji wa nchi hakuweza hata kukatiza kwa miguu katika ardhi ya babu zake bila ruhusa.

Katika mabonde mengine ya jangwa almasi zilikuwa juu ya mchanga, hazihitaji hata jembe. Vibarua waliwekwa katika mstari, wakatambaa kwa magoti na matumbo, wakiziokota moja moja na kuzitia katika vikopo, huku wasimamizi wakiwatazama kwa nyuma. Mpaka vita vya mwaka 1914 vilipoanza, almasi zilizopatikana katika eneo lile zilikuwa yapata karati milioni 5. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Kwa hiyo ni kama tani moja ya almasi.

Kwa fedha hiyo mji wa Kolmanskop ulijengwa. Majumba yalikuwa ya Kijerumani, yenye mapaa ya kusimama na madirisha makubwa, kana kwamba yameng'olewa Ulaya yakapandikizwa mchangani. Palikuwa na shule, duka la nyama, kiwanda cha mikate, na kiwanda cha barafu na soda. Kila asubuhi nyumba za Wazungu zililetewa kipande cha barafu. Palikuwa na jumba kubwa la starehe, lenye ukumbi wa michezo ya kuigiza na mahali pa kuvingirisha matufe ya mti ili kuangusha vigingi. Maji ya kunywa yaliletwa kwa meli kutoka Cape Town, na hata udongo wa bustani ulitoka mbali.

Hospitali ya mji ilikuwa na mashine ya eksirei wakati ambapo miji mingi mikubwa ya Afrika ilikuwa haijaiona. Usistaajabu. Mashine hiyo iliwafaa wagonjwa, lakini ilikuwa na kazi nyingine pia: kumulika matumbo ya vibarua, ili ijulikane kama kuna aliyemeza almasi.

Wazungu waliokaa mjini walikuwa kama 300 hivi, mbali na watoto wao. Vibarua walikuwa kiasi cha 800. Wengi wao walikuwa Waovambo, watu wa kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Angola. Waliletwa kwa mkataba, wake zao na watoto wakaachwa nyumbani. Walilala kambini, na hawakuwa na ruhusa ya kutembea wapendavyo. Mkataba ulipokwisha walipekuliwa, kisha wakarudishwa kwao.

Sisi tunalo neno la watu wa namna hiyo. Tuliwaita manamba, kwa sababu mtu alijulikana kwa namba kuliko kwa jina. Babu yangu alikuwa manamba katika shamba la mkonge. Alikuwa akisema kwamba siku ya kwanza walimwandika, na toka siku hiyo hakuitwa kwa jina la baba yake ila na wenzake wa kambini. Nyumba ya bwana shamba yule imesimama hata leo, ina baraza na ngazi za mawe. Mahali pa vibanda vyao pameota majani. Niliposoma habari za Kolmanskop nilimkumbuka babu yangu.

KWA NINI MJI ULIKUFA

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, majeshi ya Afrika ya Kusini yalishuka Lüderitz mwezi wa Septemba mwaka 1914, na mwezi wa Julai mwaka 1915 Wajerumani wakasalimu amri. Mwaka 1920 Ernest Oppenheimer aliyakusanya makampuni ya Kijerumani ya almasi yakawa kampuni moja kubwa. Mabwana walibadilika, mkataba wa kibarua haukubadilika sana. Mji ukaendelea kustawi kwa muda.

Kilichouua mji si vita. Ni jambo lililo katika ardhi yenyewe, nalo yafaa tulielewe.

Almasi za Namibia hazikuzaliwa pwani. Zilitoka ndani kabisa ya ardhi, zikapandishwa na moto wa volkano katika nchi za ndani za Afrika ya Kusini, mamilioni ya miaka iliyopita. Mvua na mito ikaimomonyoa miamba, na Mto Orange ukazichukua almasi mpaka baharini. Kule baharini mawimbi na mkondo vilizisukuma kuelekea kaskazini, na upepo ukazipeperusha zilizo ndogo mpaka ndani ya mabonde ya jangwa. Sasa fikiri: ukipepeta mtama, punje nzito huanguka karibu nawe, na makapi huenda mbali. Almasi nazo zilifanya vivyo hivyo. Zilizo kubwa zilibaki kusini, karibu na mlango wa mto. Zilizo ndogo zilifika Kolmanskop.

Watu wa Kolmanskop walikuwa wameketi, kwa mfano huo, mahali penye makapi. Mwaka 1928 almasi kubwa zaidi zilionekana kaskazini ya mlango wa Mto Orange, kiasi cha kilometa 270 kusini ya Kolmanskop. Mwaka 1936 mji mpya wa Oranjemund ukaanzishwa huko. Mashine zikahamishwa, mafundi wakahamishwa, na mwaka 1943 makao makuu ya kampuni yakahamia Oranjemund. Watu wa mwisho waliondoka Kolmanskop mwaka 1956.

Hesabu miaka hiyo. Tangu jiwe la Lewala mpaka mtu wa mwisho kufunga mlango ni miaka 48. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule almasi ilipoonekana, hakufika hata miaka 50 kabla mji haujafa.

Na Stauch, je? Utajiri wake uliteketea katika msukosuko mkubwa wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929. Alifariki Ujerumani mwaka 1947 akiwa maskini. Mji haukumwokoa aliyeandikwa, wala yule ambaye hakuandikwa.

MJI UNAOTAZAMWA

Watu walipoondoka, mchanga uliingia. Hakukuwa tena na mtu wa kuukwangua. Ukavunja madirisha, ukajaa vyumbani, ukapanda ngazi. Milango iliyokuwa wazi siku ya mwisho ikabaki wazi, kwa kuwa mchanga umeishikilia hata haifungiki. Watu wengine walikuja wakachukua mbao na mabomba.

Mnamo mwaka 1980 kampuni ya almasi ilianza kuyatengeneza baadhi ya majumba na kuweka jumba la makumbusho. Toka hapo Kolmanskop ikaanza maisha yake ya pili. Watalii hufika kutoka Lüderitz, hupata kibali, huonyeshwa nyumba ya meneja, nyumba ya mwalimu, nyumba ya daktari na ukumbi wa starehe. Wapiga picha hupenda kuja asubuhi mapema, jua linapoingia vyumbani na kuangaza mchanga uliofika nusu ya mlango. Picha hizo zimekwenda dunia nzima. Mwaka 1990 Namibia ilipata uhuru. Mwaka 1994 serikali ya Namibia ikawa mshirika wa nusu kwa nusu katika kampuni ya almasi. Na mwaka 2008 Eneo Lililokatazwa lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, nayo sasa huitwa kwa jina la lugha ya wenyeji, Tsau ǁKhaeb.

Basi jibu la kwanza kwa yule mzee ni hili: mgodi ukiisha, mji waweza kuwa kitu cha kutazamwa. Ni kazi halali. Inawapa riziki waongozaji wa wageni, wenye hoteli, wapishi na madereva wa Lüderitz. Mimi sidharau kazi hiyo.

Lakini mji wa kutazamwa una hatari yake. Mgeni huja kwa saa mbili. Huonyeshwa yaliyosimama, na yaliyosimama ni majumba ya wakubwa, kwa sababu ndiyo yaliyojengwa kwa matofali na saruji. Huambiwa habari za barafu, za soda na za muziki ukumbini. Anarudi kwao akisema, "Lo! Watu waliishi vizuri jangwani." Je, watu gani? Wale 300, au wale 800? Na reli aliyoivuka njiani, nani aliyeitandika? Kisiwa cha Papa sasa kimeunganishwa na nchi kavu, na wageni wamekuwa wakipiga mahema ya mapumziko mahali pale pale penye kambi ya mauti.

Wanamibia wenyewe hawakunyamaza. Waovambo wa mkataba waligoma kwa maelfu kuanzia mwezi wa Desemba mwaka 1971, na mgomo huo uliutikisa utawala wa Afrika ya Kusini nchini mwao. Wengi waliopigania uhuru wao walipita Dar es Salaam, na wengine walikaa katika kambi ya Kongwa. Nao wajukuu wa Waherero na Wanama walidai kwa miaka mingi kwamba mauaji yale yaitwe kwa jina lake. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji ya kimbari. Mwaka 2025 Namibia iliadhimisha kwa mara ya kwanza tarehe 28 Mei kuwa siku ya kuwakumbuka waliouawa. Hii nayo ni kazi ya kukwangua mchanga, nayo ni ngumu kuliko ile ya reli.

JIBU KWA MZEE

Sasa turudi kwetu. Sisi pia tunayo machimbo. Almasi ilionekana Mwadui, katika Shinyanga, mwaka 1940. Tanzanaiti ilionekana Mererani mwaka 1967. Kwa miaka mingi vitabu vingi vya nje vilipoeleza habari za tanzanaiti vilimtaja mtu aliyeandikisha machimbo. Lakini mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilimtambua hadharani Mzee Jumanne Mhero Ngoma kuwa ndiye mvumbuzi, na Rais Magufuli akaamuru apewe shilingi milioni 100. Ilikuwa imepita miaka 51, na mzee yule alifariki mwanzoni mwa mwaka 2019. Alichelewa kupata haki yake, lakini aliipata akiwa hai, na jina lake limeandikwa. Zacharias Lewala hakubahatika hivyo.

Kwa hiyo, mzee wangu uliyeniuliza, kama unasikiliza jioni hii, shikamoo. Jibu langu ni hili. Mgodi ukiisha, mji huenda kule unakopelekwa na wale waliouandika. Kama barua zote, picha zote na hesabu zote ni za wakubwa, basi mji utakuwa wa wakubwa hata baada ya kufa kwao, na wageni watalipa kiingilio ili waoneshwe barafu yao. Kama na nyinyi mmeandika, mji utakuwa wenu pia.

Wanao wawili wanaofanya kazi machimboni wana vipande vyao vya kazi, wana mikataba, wana majina ya wenzao walioumia au kufa. Usiache karatasi hizo ziliwe na mchwa. Mwambie mjukuu wako anayejua kuandika akae nawe jioni moja, umweleze kijiji kilikuwa wapi kabla ya machimbo, nani aliyehamishwa, kisima kilikuwa wapi, makaburi yako wapi. Aandike tarehe na majina. Na wewe mwenyewe, ukiletewa karatasi ya kutia sahihi juu ya ardhi yako, uliza kipimo gani kimeandikwa humo. Uliza maili ya nani.

Ndiyo sababu tunakukusanyeni katika madarasa haya ya jioni. Wako wasemao kwamba mtu mzima hujifunza kusoma ili aweze kusoma barua za wanawe tu. Hiyo ni faida, lakini si yote. Mali haibadui, hupotea, nalo jiwe likiisha kuokotwa haliokotwi tena. Lakini jina lililoandikwa vizuri, mchanga ukilifunika, mtu aweza kuja baadaye na sepetu akalikuta.

 

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Chifu Josef Fredericks na Zacharias Lewala walipoteza haki zao kwa njia zipi? Njia hizo zinafanana wapi, na zinatofautiana wapi?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini almasi za Kolmanskop zilikuwa ndogo kuliko zile za mlango wa Mto Orange. Jambo hilo liliuathirije mji?

3. Kama ungekuwa mwongozaji wa wageni Kolmanskop, ungeanza kuwaonyesha mahali gani? Kwa sababu gani?

4. Je, katika wilaya yenu pana mgodi, kiwanda au shamba kubwa lililofungwa? Nani anaikumbuka historia ya wafanyakazi wake? Chagueni mtu mmoja katika kikundi aandike majina na miaka mnayoikumbuka, na karatasi hiyo muisome pamoja juma lijalo.